Oksijeni na Mgonjwa Aliyevuja Damu Kwenye Ubongo: Tujue Ukweli Kabla ya Kuuza Mifugo

(Hotuba iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, Lokichar. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wake mpaka siku ya Kiyama.



Nimeombwa nizungumze kuhusu swali ambalo linaulizwa sana siku hizi, hapa kwetu Lokichar, Lodwar na hata kule Kakuma. Mtu amepatwa na kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo. Allah amemjaalia akaishi. Lakini akili yake haikurudi sawasawa. Je, tiba ya oksijeni inaweza kumrudishia akili na kumbukumbu zake?

Swali hili si la watu wa hospitali peke yao. Ni swali la nyumbani. Mzee aliyekuwa akijua kila ngamia wake kwa rangi na kwa mama yake, leo anamwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Anaswali Adhuhuri, akifika rakaa ya tatu amepotea. Anaulizia chai aliyokwisha kuinywa. Anakasirika bila sababu, kisha analia. Mama wa nyumba amechoka, watoto wanaogopa. Halafu siku moja jamaa wa Nairobi au wa Dubai anatuma video kwenye simu: kuna chumba, mgonjwa anaingizwa ndani, anavutishwa oksijeni, akitoka akili imerudi. Basi nyumba nzima inaanza kuhesabu mifugo. Mchango unaletwa msikitini. Na huu ni mwezi wa Ramadhani, mikono ya watu iko wazi.

Nataka tusaidiane kujua ukweli kabla ngamia hawajauzwa. Jibu langu nalitoa sasa hivi ili msingoje: oksijeni inaokoa maisha pale mwili unapoikosa. Lakini kwamba inarudisha akili kwa mtu aliyevuja damu, jambo hilo bado halijathibitishwa. Na yako mambo mengine ambayo yamethibitishwa, ni ya bei ndogo, nasi tunayaacha.

UBONGO NA HEWA

Ubongo wa mtu mzima ni mdogo, kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Ukinyimwa oksijeni kabisa kwa dakika chache tu, seli zake zinaanza kufa. Kwa hiyo mtu akisema ubongo na oksijeni ni ndugu, amesema kweli.

Sasa kiharusi kiko cha aina mbili. Cha kwanza, damu inaganda na kuziba mshipa, sehemu ya ubongo inakosa chakula na hewa. Cha pili, mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya ubongo. Hiki cha pili ndicho tunachozungumzia leo. Damu iliyomwagika inakandamiza ubongo, kwa sababu fuvu ni mfupa, halitanuki. Damu yenyewe ikiwa nje ya mshipa ni sumu kwa seli za ubongo. Ubongo unavimba. Seli zilizokufa hazifufuki. Zile zilizojeruhiwa tu zinaweza kupona polepole, na sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kufanya kazi ya zile zilizokufa. Hapo ndipo matumaini yalipo.

Na sababu kubwa ya mshipa kupasuka ni nini? Ni presha. Shinikizo la damu lililokaa juu miaka mingi bila dawa. Tutarudi kwenye neno hili, lishikeni.

OKSIJENI YA AINA MBILI

Watu wanachanganya mambo mawili, hebu tuyatenganishe.

Ya kwanza ni oksijeni ya kawaida ya hospitali, ya mtungi au ya ile mashine ndogo inayochuja hewa. Mgonjwa anawekewa mrija wa puani au maski. Hewa tunayovuta hapa ina oksijeni asilimia 21. Mashine inaongeza. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, Kenya nzima ilijifunza thamani ya mitungi hii.

Ya pili ndiyo ile ya kwenye video. Mgonjwa anaingia ndani ya chumba au kasha lililofungwa kabisa, hewa inakandamizwa mpaka shinikizo linafika mara mbili au zaidi ya lile la kawaida, naye anavuta oksijeni tupu. Chumba cha namna hii kinajulikana sana na wapiga mbizi wa baharini. Mpiga mbizi akipanda juu kwa haraka, mapovu ya hewa yanaingia kwenye damu yake, na chumba hiki ndicho tiba yake. Kinatumika pia kwa mtu aliyevuta moshi wenye sumu wa makaa, na kwa vidonda fulani vya kisukari visivyopona.

Kazi yake ni hii. Kwa kawaida oksijeni inabebwa na chembe nyekundu za damu. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, chembe hizo tayari zimejaa, asilimia 95 hadi 100. Ni kama lori lililokwisha kujaa mzigo, ukiongeza gunia halina pa kukaa. Lakini shinikizo likiwa kubwa, oksijeni inayeyuka kwenye maji ya damu yenyewe, nje ya zile chembe. Daktari Boerema wa Amsterdam alionyesha jambo hili mwaka 1960: wanyama wa majaribio walioondolewa karibu chembe zote nyekundu waliendelea kuishi ndani ya chumba chenye shinikizo la mara tatu. Kwa hiyo chumba hiki si uongo wala si uchawi. Ni kitu cha kweli chenye kazi yake. Swali letu ni kama kazi yake ni pamoja na kurudisha akili.

UTAFITI UNASEMAJE?

Tuanze na oksijeni ya kawaida. Uingereza walifanya utafiti mkubwa sana, matokeo yakatolewa mwaka 2017. Wagonjwa wa kiharusi 8,003, katika hospitali 136. Wengine walipewa oksijeni kidogo kidogo hata kama haikupungua mwilini mwao, wengine wakapewa pale tu ilipohitajika. Baada ya miezi 3 walilinganishwa. Hapakuwa na tofauti, si katika kufa, si katika ulemavu. Maana yake: ikiwa kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinaonyesha oksijeni iko sawa, kumwekea mgonjwa mrija hakumwongezei akili. Ikiwa inaonyesha imeshuka, basi oksijeni ni lazima, tena haraka. Familia isigombane na muuguzi kwa nini baba hana mrija. Muulizeni tu, "Kipimo cha kidole kinasemaje?"

Sasa chumba cha shinikizo. Januari 2013 madaktari wa Israeli walichapisha utafiti wa wagonjwa wa kiharusi, wa aina zote mbili, waliokuwa wamepitisha kati ya miezi 6 na miaka 3 tangu waugue. Walianza 74, waliohesabiwa mwishoni ni 59. Kila mmoja aliingia chumbani mara 40, siku 5 kwa wiki, dakika 90 kila mara. Walisema wagonjwa walipata nafuu. Mwaka 2020 wakatoa taarifa nyingine ya wagonjwa 162, karibu robo yao wakiwa hawa wa kuvuja damu, wakasema kumbukumbu na uwezo wa kufikiri viliongezeka.

Mtu akisikia hivyo atasema, basi kesi imekwisha. Ngoja kidogo. Katika ule wa 2013, wale waliolinganishwa hawakuingizwa kwenye chumba cha bandia. Walikaa tu. Kwa hiyo kila mtu alijua nani anatibiwa na nani hatibiwi. Mgonjwa anayetoka nyumbani siku 5 kwa wiki, anazungumzishwa, anashughulikiwa, ana matumaini, anaweza kuonekana bora kwa sababu hizo peke yake. Katika ule wa 2020 hapakuwa na kundi la kulinganisha kabisa, walitazama mafaili ya nyuma. Na idadi ni ndogo, nyingi zikiwa za watafiti wale wale. Wataalamu wengine waliokusanya tafiti 11 za wagonjwa 705 wa kiharusi cha kuziba, katika mapitio ya mwaka 2014, hawakupata ushahidi kwamba chumba kinawasaidia wakiwa wametoka tu kuugua. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wasidanganywe na wanaouza tiba hii kwa maradhi ambayo haijaidhinishwa, na kiharusi kilikuwa kwenye orodha hiyo.

Tena haikosi hatari. Masikio na mapafu yanaweza kuumia kwa shinikizo, mgonjwa anaweza kupata degedege, na palipo na oksijeni nyingi cheche ndogo inawaka moto. Januari 2025, katika mji wa Troy, jimbo la Michigan huko Marekani, mtoto wa miaka 5 alifariki ndani ya chumba cha namna hii kilipowaka.

Sisemi milango imefungwa. Elimu ni ya Allah na watafiti bado wanatafuta. Labda miaka ijayo tutaambiwa vingine. Lakini leo, anayekuambia "lete pesa, akili itarudi", anauza kitu ambacho mwenyewe hana uhakika nacho.

NGAMIA NI WA NANI?

Hapa nataka wanaume wenzangu wanisikilize vizuri.

Mara 40, siku 5 kwa wiki, ni wiki 8. Wengine wanaagizwa mara 60, hiyo ni wiki 12. Hesabu nauli, hesabu chumba cha kulala cha mgonjwa na anayemsindikiza, hesabu chakula, kisha ndio uhesabu tiba yenyewe. Kwa mtu wa Lokichar hilo ni kundi zima la mifugo.

Na kundi hilo ni la nani? Ni la mzee mwenyewe. Yuko hai. Akili yake imepungua lakini mali yake haijawa urithi. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah (S.W.) alipozungumzia kuandikiana madeni, aliagiza kwamba mwenye kudaiwa akiwa dhaifu wa akili au hawezi kuandikisha mwenyewe, basi walii wake amwandikishie kwa uadilifu. Neno ni uadilifu. Anayesimamia mali ya mgonjwa ameshika amana. Si halali kwake kuichezea, hata kwa nia nzuri, bila kushauriana na kuuliza wanaojua. Na yuko mke, wako watoto wadogo wanaokunywa maziwa ya hao ngamia. Ngamia wakiisha na akili isirudi, mzee atakuwa mgonjwa na nyumba itakuwa maskini. Hapo ugonjwa umewashika wote.

Kwa hiyo kabla ya kuuza, ulizeni daktari asiyeuza tiba hiyo maswali matatu. Je, imethibitishwa kwa mgonjwa wa aina yangu? Nikikosa, nitapoteza nini? Na pesa hii hii ikitumika kwingine, itafanya nini?

PESA HIYO IKITUMIKA KWINGINE

Hilo la tatu ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani.

Kwanza, dawa za presha, kila siku. Aliyevuja damu mara moja yuko katika hatari ya kuvuja tena, na mara ya pili inachukua akili iliyobaki au inachukua roho. Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2001, wa wagonjwa 6,105 waliowahi kupata kiharusi, ulionyesha kwamba kushusha presha kulipunguza viharusi vipya kwa asilimia 28, na kwa kile cha kuvuja damu kulipunguza zaidi, kama nusu. Hakuna chumba cha oksijeni kilichowahi kuonyesha jambo kama hilo. Vidonge hivi si vya Ulaya wala India, hata zahanati zetu zinavijua. Shida yetu ni kuanza na kuacha. Presha ikishuka tunasema amepona. Hajapona, dawa ndiyo imeishikilia.

Pili, mazoezi ya viungo na ya akili. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo ndiyo yenye nafuu kubwa, ingawa nafuu huendelea polepole hata baadaye. Mpelekeni mgonjwa kwa mtaalamu wa mazoezi katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Lodwar, ajifunze yeye, na ajifunze pia kijana mmoja wa nyumbani. Kisha fanyeni kila siku hapa hapa. Zoezi la hospitali la saa moja kwa mwezi halitoshi, la nyumbani la kila asubuhi ndilo linalojenga.

Kwa kumbukumbu, fanyeni hivi. Siku yake iwe na ratiba moja isiyobadilika. Nasi Waislamu tumepewa ratiba tayari: adhana mara tano. Kila adhana iwe na jambo lake, baada ya Alfajiri dawa, baada ya Alasiri kutembea. Wekeni ubao mdogo ukutani: leo ni siku gani, tarehe gani, nani yuko nyumbani. Kofia, bakora na tasbihi vikae mahali pamoja kila siku. Mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi. Msimtahini mbele ya wageni, "Baba, huyu ni nani?" Hiyo ni kumdhalilisha. Mwambieni, "Baba, huyu ni mjukuu wako, amekuja kukusalimia."

Na mketishe mtoto wa madrasa asome naye sura fupi. Mtaona ajabu. Mtu aliyesahau alichokula mchana mara nyingi anaikumbuka Fatiha aliyofundishwa utotoni, kwa sababu kilichojifunzwa zamani na kurudiwa maisha yote kimeota mizizi. Anapoisoma na mjukuu, anajiona bado ni mtu miongoni mwa watu. Hiyo ni dawa pia.

Tatu, mtazameni anayemhudumia. Mara nyingi ni mke au binti mmoja. Yeye ndiye anayeamka usiku. Vijana wa jumuiya, gaweni zamu, mumpumzishe hata siku mbili kwa wiki. Mchango wa msikitini ukilipia dawa za mwaka, nauli ya kliniki na ada ya bima ya SHA, ambayo imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, umefanya kazi kubwa kuliko safari moja ya ndege.

SAA ZA KWANZA

Nisingependa kumaliza bila kusema hili, maana akili nyingi zinapotea siku ile ile ya kwanza kwa kuchelewa.

Dalili ni za ghafla: kichwa kuuma kuliko alivyowahi kuumwa, kutapika, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutoeleweka, usingizi usio wa kawaida, degedege. Ukiona hata moja, ni gari, si kesho. Mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimpe chakula wala maji. Usimpe aspirini, maana hujui kama damu imeganda au inavuja, na ikiwa inavuja utaizidisha. Usimchanje. Kusoma dua na ruqya ni jambo jema, msomee ndani ya gari likiwa njiani.

Kutoka hapa mpaka Lodwar ni kilomita zaidi ya 80. Anayehitaji kupelekwa mbele zaidi anashuka kwa barabara ya Kainuk na Kapenguria mpaka Kitale, kisha Eldoret kwenye Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Ni safari ndefu, kwa hiyo mipango ifanywe leo watu wakiwa wazima: namba ya dereva, namba ya zahanati, na nani anajua ni hospitali gani skani yake inafanya kazi wiki hii.

Hospitalini, mambo yanayosaidia si makubwa. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 7,036 wa kuvuja damu kwenye ubongo, katika nchi 10, nyingi zikiwa nchi zisizo tajiri kama yetu. Walioshushiwa presha haraka, ikilengwa ndani ya saa moja, wakadhibitiwa sukari na homa, na waliokuwa wakitumia dawa za kuyeyusha damu wakazimuliwa, walitoka na ulemavu mdogo kuliko wengine. Presha, sukari, homa. Haya yanahitaji muuguzi makini, hayahitaji chumba cha mamilioni.

RAMADHANI NA VIDONGE

Sasa lile neno presha. Kila Ramadhani wapo wanaoacha vidonge siku 30 wakisema "nimefunga". Ndugu yangu, saumu ni ibada na mwili ni amana, na dini haikukuamuru uvunje moja kwa ajili ya nyingine. Vidonge vingi vya presha vinamezwa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kuvipanga wakati wa daku au wa futari. Zile za kukojoza zinahitaji uangalifu zaidi kwa joto hili la Turkana, ulizeni kabla. Aliyeugua karibuni na akakatazwa na daktari kufunga, rukhsa yake iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185: mgonjwa atalipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa atalisha maskini. Kuikubali rukhsa ya Allah si udhaifu wa imani.

Na usiku, baada ya Tarawehe, tupunguze chumvi kwenye supu na sambusa. Miraa inapandisha presha. Madereva wanaokesha nayo mpaka daku, najua mnanisikia.

MASWALI

Swali: Mgonjwa akiwekewa oksijeni mchana akiwa amefunga, saumu inabatilika?

Jibu: Mimi ni mhudumu wa afya, si mufti, nanukuu wanaojua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997, katika azimio namba 93, lilitaja gesi ya oksijeni kati ya vitu visivyobatilisha saumu. Lakini mgonjwa aliyefikia kuhitaji oksijeni mara nyingi ana rukhsa ya kufungua, kwa hiyo asijilazimishe.

Swali: Baba hajui tena kama ni mchana au usiku. Anadaiwa saumu?

Jibu: Wanachuoni wamefundisha kwamba wajibu hufuata akili. Aliyeondokewa na akili kabisa halaumiwi. Mwenye akili inayokuja na kuondoka, hali yake inatofautiana, mpelekeni swali hilo kwa sheikh mkiwa na maelezo kamili. Akitaka kuswali, mtu akae naye amkumbushe taratibu. Msimgombeze.

Swali: Tumekwisha kukusanya pesa za kumpeleka India kwenye chumba. Tuzirudishe?

Jibu: Waambieni waliochanga ukweli mlioujua leo, kisha ombeni ruhusa yao zitumike kwa dawa na mazoezi. Mchango nao ni amana. Akiwa hajawahi kupigwa skani, anzeni na hiyo kabla ya jambo lolote.

Swali: Kwa hiyo tukate tamaa?

Jibu: Hapana. Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu kujitibu, akafundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kujitibu ni pamoja na kuchagua dawa iliyothibiti kabla ya ile ya kubahatisha. Mgonjwa akijifunza upya jina la mjukuu wake baada ya miezi minne, hayo ni maendeleo. Mshukuruni Allah na muendelee na jina la mjukuu wa pili.

Namalizia hapo. Leo kabla ya kufuturu, kila kijana amuulize mzazi wake, "Presha yako ilipimwa lini?" Kama hakumbuki, kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowahudumia, uzilinde akili zetu tusije tukakosa kukukumbuka, na utukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.